Matanga ya Babu Bomba

Siku tatu baada ya kumzika mumewe, Mama Turubai alikuwa hajielewi. Aliamka akavaa kandambili za marehemu akidhani ni zake, akatia chumvi kwenye chai mahali pa sukari, akamwitikia "abee" mtu ambaye hakumwita. Ukumbini watu walikaa kwenye viti vya plastiki wakinong'ona, na kila aliyeingia alimshika mkono kwa mikono yote miwili akamwambia pole, naye akajibu "nimeshapoa," mpaka ikafika mahali hata yeye hajui tena anapoa kutoka kwenye nini. Na juu ya hayo yote alikuwa amekabidhiwa kulinda uongo, kazi ambayo hakuwahi kuiweza tangu azaliwe.

Uongo wenyewe ulikuwa hivi. Binti yake, ambaye ni muuguzi na anaishi mbali, alifika na mtoto wake wa kike wa miaka sita, na hata kabla hajavua viatu alimvuta mama yake jikoni.

"Mama, nakuomba kitu kimoja tu. Mtoto nimemwambia Babu amesafiri. Usimwambie lolote. Akijua huyu hatalala, namjua mimi."

"Na akiniuliza kasafiri kwenda wapi?"

"Mwambie mbali."

Haya, mbali. Sasa nikwambie kuhusu huyo muuguzi. Kazini kwake ndiye anayetumwa atoke wodini akawaambie watu waliokaa kwenye benchi kwamba mgonjwa wao hayupo tena. Anaifanya kazi hiyo kila wiki, anajua aanze na neno gani na amshike nani bega. Lakini kwa mwanawe mwenyewe ulimi ulipiga breki. Na kwa kuwa mtoto yupo macho kutwa nzima, muuguzi naye hakudondosha hata chozi. Alipanga viti, alihesabu vikombe, alitabasamu. Watu walianza kumsema pembeni kwamba ana roho ngumu.

Huyo bibi aliyetwishwa uongo hakuitwa Mama Turubai kwa mzaha. Kwa miaka thelathini na minne ameshona maturubai ya malori, mahema ya sherehe na tanga la kila mwenye chombo pale pwani ya karibu, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, kwa cherehani ambayo wanaume wanne waliiingiza wakitoka jasho na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuisogeza. Kidole chake cha shahada cha kushoto kimetobolewa na sindano mara mbili, kushoto kutokea kulia. Ukimpelekea turubai lililochanika atalinusa, atalikunja pembe, atakusema kidogo kwa jinsi ulivyolitunza, kisha atakwambia uje Alhamisi. Na Alhamisi ukienda, limekwisha. Wateja walimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile.

Mumewe alikuwa fundi bomba. Mtaa mzima ulimwita Babu Bomba, hata watu wazima. Alinunua mashua ndogo ya tanga iliyokuwa imeachwa ioze, akaitengeneza Jumamosi hadi Jumamosi kwa miaka mitatu, na tangu hapo Jumamosi zake zote alikuwa majini. "Mtu wa ajabu huyu," mkewe alizoea kuwaambia wateja. "Wiki nzima anazuia maji yasivuje, Jumamosi anakwenda kukaa katikati yake." Tanga la mashua alilishona yeye, na viraka vyake vyote ni yeye. Lakini kupanda, hapana. Siku ya kwanza aliweka mguu mmoja, chombo kikalala upande, kiatu kikaenda na maji, naye akarudisha mguu wake nchi kavu na hakuutoa tena. "Mimi na maji tunajuana kwenye beseni," akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Mjukuu ndiye aliyekuwa msikilizaji wa habari za mashua. Babu Bomba akipanda basi hutapika hata kabla halijaondoka kituoni, kwa hiyo kwenda kumtembelea binti yake kulimshinda. Badala yake alipiga simu kila Jumapili mchana. Mama Turubai akiwa kwenye cherehani alimsikia akifundisha: mchumba, hebu niambie, mlingoti unakaa wapi? Na matanga yangu ni mangapi? Haya, vizuri. Ukija nitakuonyesha chombo chenyewe.

Basi asubuhi hiyo ya siku ya tatu mtoto alimkuta bibi yake jikoni, amesimama mbele ya sufuria, hakumbuki alikuja kufanya nini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umeamkaje?"

"Salama. Nataka kuona chombo cha Babu."

Mama Turubai aligeukia rafu ya vyombo. Siku tatu alikuwa akikikwepa kikombe cha bati cha mumewe, amekificha nyuma ya chujio ili jicho lisikione. Aliona bora yaishe. Akakitoa, akakifuta kwa upindo wa gauni lake, akampa mtoto.

Mtoto alikitazama ndani, akakitazama chini.

"Hiki ni kikombe, Bibi."

"Si umesema chombo?"

"Chombo cha majini. Chenye tanga." Akakirudisha kikombe mezani kwa adabu. "Na kitu kingine. Mama alikuwa anaongea na simu, akasema tunakuja kwenye matanga ya Babu. Lakini Babu aliniambia ana tanga moja tu. Hayo mengine ameyapata wapi?"

Masikio ya Mama Turubai yalisikia, kichwa kikakataa. Matanga. Akatazama ukumbini, kule watu walikokaa na nyuso zao ndefu, akamtazama mtoto, akaelewa kwamba kwa siku tatu huyu mtoto amekuwa akizunguka katikati ya msiba akitafuta vitambaa. Kicheko kikamtoka, kifupi, puani. Ukumbini wifi yake, dada wa marehemu, akageuza shingo.

Jambo moja alilijua: akibaki mle ndani na yale maswali, ataropoka. Akamshika mtoto mkono, akatoka naye kwa mlango wa uani. Wifi akawawahi kwenye kona ya nyumba.

"Wifi, unakwenda wapi na watu ndio kwanza wanaingia?"

"Nampeleka mtoto chooni."

"Choo si hicho nyuma yako?"

"Hicho hakitaki. Anataka kingine."

Wifi alishika kiuno akawatazama hadi wanakata kona.

Njiani mambo hayakuwa rahisi. Muuza mkaa aliacha kupima akaja kusema pole. Kinyozi alitoka na kitana mkononi akasema pole. Mwanamke mmoja ambaye Mama Turubai hakumkumbuka kabisa alimkumbatia akamlowesha bega.

"Bibi, unaumwa?"

"Kwa nini?"

"Kila mtu anakupa pole."

"Miguu, mke mwenzangu. Miguu inaniuma."

Basi ikawa kazi. Alipotokea mwingine, fundi viatu, akanyoosha mkono na kuanza "pole sana Mama, kwa kweli tumepoteza," mtoto akamkatiza kwa heshima zote: "Miguu yake ndiyo inamuuma." Fundi viatu akaitazama miguu ya Mama Turubai, akamtazama usoni, akasema basi ampelekee viatu avilainishe. Akarudi kibandani kwake akijikuna kichwa.

Mashua ilikuwa imepandishwa nchi kavu, juu ya magogo mawili, kwenye uwanja wa kutengenezea vyombo. Ilikuwa ya buluu, urefu wake hatua saba za mtu mzima, na kwa pembeni rangi ilikuwa imebabuka. Seremala wa uwanja ule, mzee anayeitwa Fundi Randa, alikuwa anapiga randa ubao. Alipowaona akavua kofia.

"Mama Turubai. Pole sana. Mzee alikuwa..."

"Alikuwa anasema hiki chombo kisuguliwe kabla ya kupakwa rangi," akamrukia. "Mtoto huyu amekuja kukikagua." Na macho yake yakamwambia mengine.

Fundi Randa hakuwa mwepesi wa mambo ya macho. Akasema ndiyo, akasema karibuni, akasema Mzee akirudi atakuta tayari, akasikia alichokisema, akageuka kijivu. Akarudi kuupiga randa ubao uleule, na nadhani ulibaki mwembamba hata haukufaa kitu.

Wakapanda kwa kukanyaga kreti la soda. Chombo hakikutikisika, kitatikisika vipi kimekaa juu ya magogo, lakini Mama Turubai alishika mlingoti kwa mikono miwili na kufumba macho. Alipoyafumbua aliona aibu. Akajikohoza. Yeye ndiye mwenyeji, na mgeni wake amesimama anasubiri kuonyeshwa.

"Haya," akasema. "Hapa ni mbele. Kule ni nyuma. Huu ni mti wa katikati."

Mtoto alimtazama kwa huruma.

"Bibi, kwenye chombo hakuna mbele. Hapo ulipoonyesha ni omo. Kule ni tezi. Na huo ni mlingoti."

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Umesema mti."

Ikawa hivyo. Bibi alikuja kumwonyesha mjukuu mashua, mjukuu akamwonyesha bibi. Akamwonyesha usukani, akamwambia anayeushika haangalii mkono wake, anaangalia mbali. Akamwonyesha ile mbao ndefu iliyolazwa, akasema ni foromali, ndiyo inalibeba tanga juu. Akamwekea kamba mkononi na kumwambia kwamba hiyo siyo kamba, ni demani, inashikilia tanga lisicheze, na asiifunge fundo gumu hata siku moja kwa sababu upepo ukibadilika ghafla atataka kuiachia. Kidole chake kidogo kilikwenda moja kwa moja kwenye kila kitu, kama mtu aliyekulia humo.

"Haya, Bibi. Tezi iko wapi?"

Mama Turubai akaonyesha.

"Hiyo ni omo."

"Umenigeuza, mtoto wewe."

"Sijakugeuza. Umesimama palepale."

Na kweli alikuwa palepale. Alitazama kamba, mbao, pampu ndogo ya kutolea maji ambayo mumewe aliiunda kwa vipande vya mabomba, na hakuna hata kimoja alichoweza kukitaja. Miaka thelathini na minne chakula kimoja, kitanda kimoja, na haya yote yule bwana alikuwa nayo kichwani akampa mtoto wa miaka sita kwa simu. Aliona wivu. Tena wivu wenyewe hasa, juu ya mke mwenza ambaye meno ya mbele hana. Halafu akakumbuka kwamba Jumapili zote hizo cherehani yake ilikuwa inapiga kelele chumba cha pili, na kwamba yeye hakuwahi kuuliza, na wivu ukageuka uchungu wa kawaida.

"Sasa tanga," mtoto akasema.

Hapo ndipo Mama Turubai alipopata pumzi. Tanga lilikuwa kwenye mfuko wake chini ya ubao wa kukalia. Akalitoa, akalikunjua magotini mwake na kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie mikono yake ilijua inafanya nini. Akamwonyesha mtoto mshono wa pembeni uliopita mara tatu. Akamwonyesha kiraka cha kahawia, kilichotoka kwenye turubai la lori la saruji, na kile cheupe cha hema la harusi ambayo bwana harusi hakutokea. Akampa ncha ashike, avute kwa nguvu zake zote, aone kama litachanika. Mtoto akavuta mpaka akakaa kitako. Halikuchanika. Wakacheka wote wawili.

Kisha mtoto akachungulia chini ya ubao, akapapasa huku na huku.

"Ni moja tu."

"Ni moja."

"Basi Mama alikosea."

"Mama yako hakukosea," Mama Turubai akasema, naye alikuwa bado anautazama mshono wake, na neno limeshatoka.

Mtoto alikaa kwenye ubao, miguu haifiki chini. Alikunja uso kama babu yake alipokuwa akitafuta mahali bomba linapovuja.

"Bibi, Babu amesafiri na nini? Chombo si hiki hapa."

"Alipanda basi."

"Babu akipanda basi anatapika."

"Ndege, basi. Alipanda ndege."

"Na simu ameiacha? Jana nilimpigia kwa simu ya Mama. Ikalia kwenye kabati lako."

Mama Turubai alitafuta jibu. Alilitafuta kwa bidii, wallahi, alilitafuta hata kwenye viraka. Lakini omo na tezi zilikuwa zimeshamchanganya, basi na ndege zikamchanganya, na aliahidi, na aliyemwahidi ni mwanawe, na anayemuuliza ni mwana wa mwanawe, na yule ambaye angemwambia afanye nini ndiye huyo ambaye habari zake zinaulizwa.

"Bibi, umechanganyikiwa?"

"Sana, mke mwenzangu."

"Basi niambie pole pole."

Akamwambia. Alimwambia kwamba neno ni moja lakini mambo ni mawili. Kuna matanga ya kushona, haya. Na kuna siku ambazo watu wanakuja kukaa na wenye nyumba, kwa sababu mtu wa nyumba ile amekufa, wasibaki peke yao. Hizo nazo zinaitwa matanga.

"Nani amekufa?"

"Babu."

Alitegemea kilio. Hakikuja. Fundi Randa kule alikuwa ameacha kazi na amewapa mgongo.

"Amekufa mpaka lini?"

Mama Turubai alimvuta mtoto akamweka juu ya tanga, mapajani mwake. Akamwambia kwamba hakuna mpaka lini. Harudi. Alianguka bafuni Jumatatu asubuhi, moyo ukasimama, wakamzika, na hata yeye mwenyewe akiamka bado anamtafutia kandambili zake. Alikuwa amenyamaza, akasema, akiogopa hatalala, na sasa akaapa hafichi tena kitu. Mtoto akalala kifuani pake, na baada ya muda mabega yake yakaanza kupanda na kushuka. Bibi naye akalia, sauti ya juu, bila kujali nani anasikia, na lile tanga lililostahimili mvua na upepo miaka yote likalowa katikati.

Walipotulia mtoto alijifuta kamasi kwa mkono. Sasa alikuwa na wasiwasi mwingine, ulikuwa wazi usoni.

"Bibi, na Mama je?"

"Mama yako ana nini?"

"Mama hajui. Yeye aliniambia Babu amesafiri." Akashusha sauti. "Nani atamwambia?"

Nakwambia, hapo Mama Turubai alianza kupiga hesabu. Aseme Mama anajua? Basi Mama ni mwongo. Aseme hajui? Basi yeye bibi ndiye mwongo, tena dakika moja baada ya kuapa hafichi kitu. Alikuwa bado anapima lipi lina nafuu pale binti yake alipotokea kwenye lango la uwanja, anahema, kiatu kimoja kimefunguka mkanda. Wifi alikuwa ameshatoa taarifa ya choo, na kinyozi akaonyesha njia waliyopita.

Muuguzi aliwatazama macho yao mekundu, akajua.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko kelele. "Nilikuomba kitu kimoja."

"Mwanangu, mimi..."

"Kitu kimoja tu, Mama."

"Usimgombeze Bibi," mtoto akasema. "Panda huku, Mama. Kanyaga kreti. Kaa hapa, hapa ni tezi."

Sijui ni nini kilimfanya yule mwanamke atii. Labda ni uchovu. Alipanda, akakaa alipoonyeshwa. Mtoto akasimama mbele yake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akatafuta neno la kuanzia.

"Mama, kuna jambo nataka kukuambia. Usiogope, mimi nipo. Babu hakusafiri. Babu amekufa. Bibi hakukuambia kwa sababu alifikiri hutalala."

Muuguzi aliinua macho akamtazama mama yake juu ya kichwa cha mtoto. Midomo ilijiandaa kusema najua. Ilikuwa imeshaanza kabisa, Mama Turubai aliiona. Halafu ikaacha.

"Lini?" akauliza.

Mtoto akageuka. "Lini, Bibi?"

"Jumatatu," Mama Turubai akasema. "Asubuhi."

"Jumatatu asubuhi," mtoto akamwambia mama yake, na akahamisha mkono mmoja kuuweka begani.

Na yule muuguzi aliyepanga viti na kuhesabu vikombe akainamisha kichwa kwenye kifua cha mwanawe, akalia kama mtu ambaye ndiyo kwanza anapewa habari.